Nani analipa mgongo ulioumia?

Anayekaa Bukavu hahitaji kuelezwa kazi ya kubeba mizigo. Asubuhi boti zinafika Muhanzi, na mihogo, ndizi, makala na mbao vinashuka. Kutoka ufuoni hadi sokoni ni kupanda. Magari hayafiki kila mahali, maana mji wetu umejengwa juu ya vilima, na njia nyingi za Kadutu ni ngazi za udongo tu. Basi mzigo unapita juu ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mama: kamba imeshika mfuko, imezunguka paji la uso, shingo imesukumwa mbele, macho yanatazama chini. Tunapishana naye tukienda kazini. Tunasema "pole mama", kisha tunaendelea na safari.

Kila tarehe 28 ya mwezi wa nne, dunia inakumbuka siku ya usalama na afya kazini. Shirika la Kazi la Kimataifa (OIT) limeiadhimisha tangu 2003. Shirika hilo linakadiria kwamba kila mwaka watu karibu milioni 3 wanakufa kwa ajali za kazi na magonjwa yanayoletwa na kazi. Juni 2022 mkutano wake mkuu uliamua kwamba kufanya kazi mahali salama ni haki ya msingi ya kila mfanyakazi, sawa na haki ya kuunda sindika na haki ya kutolazimishwa kazi. Kwetu siku hiyo inapita kimya. Ninaomba tuizungumze humu, kwa sababu hesabu ya ajali hizo inaletwa mlangoni pa kanisa kila wiki, nasi hatujui kwamba ni hesabu ya kazi.

Kilichotokea kwenye shantie yetu

Miaka michache iliyopita, kanisa letu la mahali lilijenga madarasa mawili. Lori lilimwaga mawe barabarani, chini ya mteremko, kama mita mia mbili kutoka shantie. Tukatangaza kazi ya mikono siku ya Jumamosi: kila mkristo abebe mawe. Watu walikuja wengi. Waliimba. Nilikuwa nimehubiri kitabu cha Nehemia majuma matatu mfululizo, nikaona mahubiri yangu yamezaa matunda.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia iliteleza. Mama mmoja wa kwaya aliinama kuchukua jiwe kubwa, akalivuta kutoka chini, akajizungusha ili wenzake wamsaidie kuliweka kichwani. Alisikia kitu kimekatika kiunoni. Akakaa chini. Tulimzunguka, tukamwombea, tukamwambia aende kupumzika. Jumatatu hakuweza kusimama.

Alilala majuma sita. Mwaka ule hakulima. Binti yake mkubwa aliacha masomo ili atunze wadogo. Diakonia ililipa picha ya mgongo, dawa, mazoezi ya viungo hospitalini, na unga wa nyumbani. Mwisho wa mwaka, nilipokaa na mweka-hazina kufunga daftari, tuliona tumetoa dola 312 kwa ajili yake. Kabla ya ujenzi, kijana mmoja alikuwa ametushauri tununue brueti moja. Bei ilikuwa dola 55. Baraza la wazee, mimi nikiwa mwenyekiti, lilijibu kwamba ni ghali na kwamba watu wetu wana nguvu.

Tangu siku ile nimerudia kusoma Nehemia. Kuna mstari ambao sikuuhubiri hata mara moja: sura ya 4, mstari wa 10. Pale watu wa Yuda wanasema wazi kwamba wachukuzi wa mizigo wamechoka na kifusi bado ni kingi. Nilikuwa nimehubiri ukuta, nikaruka migongo.

Mtu anaumia namna gani

Wengi wanafikiri mgongo unaumia kwa bahati mbaya. Katika chumba cha maombi nimesikia ndugu wakisema wamelogwa kiuno. Sidharau maombi, nami bado ninaombea wagonjwa. Lakini yafaa tujue namna mwili ulivyoumbwa.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati yake kuna visahani laini. Ukishika jiwe la kilo 20 karibu na tumbo, misuli ya mgongo inavuta kwa kiasi. Ukilishika jiwe hilohilo mbali na mwili, kwa mikono iliyonyooka, misuli inalazimika kuvuta mara nyingi zaidi ili usianguke mbele, na nguvu hiyo yote inakandamiza visahani. Ni kama mizani ya sokoni: kitu kidogo kikikaa mwisho wa mti mrefu kinashinda kitu kizito kilicho karibu na kati. Ukiongeza kuinama hadi chini na kujizungusha kwa wakati mmoja, umeweka pamoja mambo yale yanayoumiza zaidi. Ndivyo alivyofanya mama yetu, kwa sababu tulimpangia kazi kwa namna hiyo: mawe chini, njia yenye utelezi, na hakuna chombo.

Jambo la pili ni kurudia. Mara nyingi kiuno hakiharibiki siku moja. Kinachakaa polepole kwa miaka, bila kelele, hadi siku ambayo mtu anaokota ndoo ndogo na kuanguka. Kwa wamama kuna hatari nyingine ambayo hawapendi kuisema mbele ya wanaume: kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi ni moja ya sababu zinazosaidia kizazi kushuka. Wamama wengi wanaishi na shida hiyo kimya, wakidhani ni aibu yao wenyewe.

Je, mzigo gani ni mzito mno? Mwaka 1967 OIT ilipendekeza kwamba pale ambapo mwanaume mzima anabebeshwa zaidi ya kilo 55, uzito huo upunguzwe upesi, na wanawake wabebe kidogo sana kuliko hapo. Sheria ya Ufaransa inakataza mwanamke kubebeshwa zaidi ya kilo 25. Uingereza, mwongozo wa serikali kwa waajiri unataja kilo 25 kwa mwanaume na kilo 16 kwa mwanamke, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na kwenye kimo cha kiuno. Kwetu, mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Kila mtu aliyewahi kununua mfuko wa makala uliojazwa hadi majani ya juu anajua kwamba huo hauna kipimo.

Sheria iko, lakini inamfikia nani?

Nchi yetu haikosi sheria. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016, inamwagiza mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake. Kuna inspekta wa kazi. Kuna kasa ya taifa, CNSS, yenye tawi la ajali na magonjwa ya kazi. Mchango wa tawi hilo ni asilimia 1.5 ya mshahara, na unalipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu kwa ajili hiyo. Sheria ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi zinazomharibu.

Lakini hayo yanamhusu yule aliyeandikwa. Mama wa Muhanzi hakuandikwa popote. Saa mbili anamtumikia mwenye mihogo, saa nne mwenye mbao, saa sita mwenye simenti. Akianguka, kila mmoja atasema: "Huyu si mfanyakazi wangu." Na kwa karatasi, wanasema kweli.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika nchi ambako ajali ikitokea mwajiri anapata hesabu ya kulipa, imezaliwa kazi nzima ya kuzuia ajali. Kampuni inamwita mtaalamu. Anakuja na daftari na mizani, anasimama siku nzima akitazama watu wanavyofanya kazi: wanainama mara ngapi, wanainua nini, wanakaa namna gani, meza ina kimo gani. Kisha anamshauri mwajiri abadilishe meza, apunguze mifuko, aweke magurudumu, apange zamu. Mwajiri anamlipa, kwa sababu anajua kulipa kabla ni rahisi kuliko kulipa baadaye.

Kwetu, anayeanzisha hatari hapati hesabu. Hesabu inakwenda kwa mgongo wa mama, kisha kwa binti anayeacha masomo, kisha kwa shamba lisilolimwa, na mwisho kwa sanduku la diakonia. Sadaka ya wajane na ya wagonjwa imekuwa bima ya ajali kwa wafanyabiashara na wajenzi, wengine wao wakiwa wazee wa kanisa wenyewe. Hatukuipigia kura. Imekuwa hivyo tu.

Na siku hizi mzigo umeongezeka. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu, banki zilifungwa, na watu wengi walipoteza kazi waliyokuwa nayo. Nimewaona walimu na vijana wenye diploma wakisubiri lori ili wapakue. Mtu ambaye mwili wake haujazoea, anayebeba akiwa na njaa, huyo ndiye anayeumia haraka.

Hekima ya watu wa Goma

Kabla ya kutafuta wataalamu wa mbali, tuwatazame jirani zetu wa Goma. Wao walichonga shukudu: mbao ngumu, magurudumu mawili ya mti yaliyovalishwa mpira, na usukani. Kwa chombo hicho kijana mmoja anasafirisha viazi, kuni au makala kwa mamia ya kilo, mzigo ambao ungehitaji migongo mitano na zaidi. Mji umemsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Ni haki yake. Shukudu inatufundisha kwamba mzigo unaweza kutoka mwilini na kwenda kwenye gurudumu kwa mti wa nyumbani na fundi wa nyumbani.

Inatufundisha pia jambo la pili. Shukudu inayoshuka kutoka Masisi au Kibumba ikiwa imejaa inasimamishwa kwa kipande cha mpira wa tairi, kinachokanyagwa kwa mguu dhidi ya gurudumu la nyuma. Mpira ukichakaa, kijana anashuka bila breki. Chombo kinaokoa mgongo, lakini chombo kisichokaguliwa kinaleta ajali yake. Kuzuia ajali ni kazi ya kila siku, haimalizwi kwa kununua kitu mara moja.

"Ukinipunguzia mzigo, unanipunguzia chakula"

Nilipoanza kuongea na wabebaji juu ya kilo, mama mmoja alinijibu: "Pasta, ukinipunguzia mzigo, unanipunguzia chakula." Sikuwa na jibu siku ile. Analipwa kwa safari. Akibeba nusu ya mfuko, analipwa nusu, na jioni watoto wanakula nusu. Anayesimama madhabahuni na kukataza mizigo mizito, bila kugusa namna ya kulipa, anaongeza njaa juu ya maumivu.

Kwa hiyo lazima tuanze na malipo. Mwenye mali akilipa kwa kilo, safari mbili za kilo 25 zina bei moja na safari moja ya kilo 50, ila zinachukua muda zaidi, na muda huo lazima uingie katika bei. Akilipa kwa siku, mbebaji hana sababu ya kujiua ili amalize upesi. Wabebaji wakijiunga kumi na kununua kigari kimoja kwa mchango wa kila juma, wanaweza kupokea kazi kwa pamoja na kugawana. Hayo yanafanyika tayari katika vikundi vyetu vya akiba vya wamama. Tofauti ni kwamba zamu hii akiba inanunua gurudumu.

Kanisa ni mwajiri

Mara nyingi tunaongea juu ya waajiri kana kwamba ni watu wengine. Lakini jumuiya za Kanisa la Kristo katika Kongo zina maelfu ya masomo, vituo vya afya, hospitali na shantie. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na jumuiya yetu ya CEPAC. Tunaajiri waganga, wauguzi, wapishi, walinzi, waashi. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa mzito kitandani peke yake usiku anaumia sawa na mbebaji wa sokoni. Mpishi wa internati anayeinua sufuria la maharage kutoka jikoni la chini anaumia vilevile. Fundi mshonaji katika kituo cha vijana, anayeinama juu ya mashine saa nane kwenye kiti kisicho na mgongo, shingo yake inakufa ganzi polepole.

Tena tuna wataalamu ambao waajiri wengine hawana. Katika hospitali zetu kubwa wako watu wa mazoezi ya viungo wanaopokea migongo ikiwa imeharibika tayari. Ninapendekeza tuwatume pia mahali migongo inapoharibika. Nusu siku kwa mwezi, mmoja wao atembelee shantie, jiko, chumba cha wagonjwa au depo, atazame kazi, na kuwaachia wenye mahali shauri lililoandikwa. Makanisa yalipe usafiri wake. Wakristo wetu wenye depo na karakana walipe huduma hiyo kwa haki, maana inawahifadhia watu na siku za kazi. Itakuwa huduma ndogo, lakini itafika mahali inspekta hafiki.

Wakati tunaipanga, kuna mambo ambayo kila kanisa la mahali linaweza kuyafanya bila kungoja mtu:

Kwanza, tazameni njia kabla ya kutazama watu. Lori limwage mawe karibu iwezekanavyo, hata kama dereva anaomba franka za ziada. Kateni ngazi kwenye udongo, tieni changarawe palipo utelezi. Baada ya mvua, ngojeni pakauke.

Pili, inueni mzigo kutoka kwenye kimo cha kiuno. Ukuta mfupi au meza ya mbao mahali pa kupakia inaondoa kuinama. Watu wawili wampakie mmoja.

Tatu, gawanyeni. Jiwe ambalo mtu mmoja hawezi kulikumbatia karibu na tumbo livunjwe au libebwe na wawili. Mfuko ufunguliwe na kugawanywa.

Nne, wekeni zamu, maji na kivuli. Watoto, wamama wajawazito, na wale waliojifungua karibuni wapewe kazi nyingine, bila kuwaaibisha.

Tano, wekeni daftari la ajali: siku gani, kazi gani, sehemu gani ya mwili, tumelipa kiasi gani. Bila daftari, kila ajali itaonekana kuwa ya kwanza.

Ninatoa angalizo moja. Wengi wanafikiri inatosha kufundisha watu wakunje magoti, au kuwagawia mikanda ya kiuno. Tafiti nyingi zilizokusanywa na kulinganishwa zimeonyesha kwamba mafundisho ya namna ya kuinua, yakiwa peke yake, hayapunguzi maumivu ya mgongo kama tunavyotumaini. Sababu inaeleweka: mtu mwenye kilo 50 juu ya ngazi ya udongo hana nafasi ya kukumbuka magoti. Kazi yenyewe ndiyo inayotakiwa kubadilishwa.

Ukuta wa dari

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo ambalo wajenzi wetu wangeweza kuliandika kwenye mlango wa shantie. Anayejenga nyumba mpya lazima azungushie dari yake ukuta mfupi, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba. Tazameni agizo hilo linamtafuta nani. Halimwambii mgeni awe mwangalifu, wala halisemi aliyeanguka aombewe. Linamkuta mwenye nyumba, kabla ya mtu yeyote kuanguka, na kumwekea gharama ya mawe ya ule ukuta. Mungu alipeleka hesabu mapema, kwa yule mwenye uwezo wa kuzuia.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mimi na wazee tulikuwa wenye nyumba. Dola 55 zilikuwa ukuta wetu wa dari, nasi tulisema ni ghali.

Tangu wakati huo tumenunua brueti mbili, na vijana wamekata ngazi thelathini na moja kutoka barabarani hadi shuleni. Daftari liko kwa shemasi. Mwaka jana lilikuwa na mistari minne, yote ya vidole na miguu, hakuna mgongo. Yule mama amerudi kwenye kwaya. Wimbo ukiwa mrefu anakaa kwenye kiti, na wenzake wamezoea. Binti yake hakurudi darasani hadi leo. Hiyo ni sehemu ya hesabu ambayo hatujui namna ya kuilipa.

Wapendwa, Jumapili hii, kabla ya kutangaza kazi ya mikono, wachungaji na wazee wajiulize: mzigo una kilo ngapi, njia ikoje, chombo kiko wapi, na mtu akiumia nani atalipa? Kama jibu la swali la mwisho ni "diakonia", basi diakonia itoe pesa hiyo leo, wakati bado inatosha kununua gurudumu.